SOMO: Nitrati na fosfati mu akwariumu ya matumbawe, kwa sisi wa Lubumbashi

Jambo yenu bote. Hili somo niliahidi tangu kiangazi kianze, na kila siku swali ile ile inarudi, yaya nitrati yangu iko 40 nifanye nini, yaya niweke dawa gani fosfati iishe, njo nimeona heri niandike yote mara moja. Someni polepole mpaka mwisho mbele ya kutia mkono mu maji, juu kuko hatua zenye ukiruka moja matumbawe yanakufa, na tumbawe yenye imepanda ndege Johannesburg ikashuka Luano ingali hai, si kila mtu ataweza kuinunua mara ya pili.

Mi naongea kutoka ku akwariumu yangu mwenyewe, iko mu salo, lita 300, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, na sampu (sanduku ya pili ya kuchujia maji) ya lita 80 chini yake. Niko nayo tangu 2018. Mu 2021 nilipoteza karibu matumbawe yote ya matawi, na siku yalianza kukufa kipimo kilikuwa kinaonyesha nitrati sifuri, fosfati sifuri, maji inaangaza sawa kioo. Nilikuwa nafurahia ile sifuri miezi mbili nzima. Nitaeleza mbele vile ilienda, juu mi naona wengi wenu muko mu njia ile ile na hamujue.

Hatua ya 1: jua ile uchafu, nitrati na fosfati, inatoka wapi na inaenda wapi

Chakula. Yote inatoka ku chakula. Samaki anakula, anakojoa na kunya, ile yenye inabaki inaoza mu mchanga, inakuwa amonia, bakteria za kwanza zinageuza amonia kuwa nitriti, zingine zinageuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati iko na mlango wa kutokea: ndani kabisa ya mawe, fashi hewa haifike muzuri, kuko bakteria zenye zinavunja nitrati na kutoa gesi ya naitrojeni, gesi inapanda na kwenda zake. Njo maana mawe mengi yenye matundu inasaidia.

Fosfati haina ule mlango. Haigeuke gesi. Inatoka kama wewe mwenyewe umeitoa, na maji ya kubadilisha, na skima (mashine yenye inatoa uchafu na povu), na mwani unaokata, ao na dawa ya kuikamata. Na yenye hautoe inaenda kujishika ku mawe na ku mchanga, juu vyote ni chokaa na fosfati inapenda chokaa sana. Shika hii neno, tutairudia.

Kwa hiyo juma ya kwanza usibadilishe kitu. Kamata kaye, andika: leo nimetia nini, kiasi gani, mara ngapi, nani amelisha. Kwangu tulikuta batoto wanalisha asubuhi, bibi yangu analisha saa sita, mi nalisha magaribi, kila mtu anafikiri ni yeye peke. Chakula ya barafu iyeyushe mu kichujio kidogo, uisuuze na maji ya osmoza (yenye imepita mu kichujio chenye kinazuia chumvi na madini), ule mchuzi umwage ku maua, usiingize mu akwariumu.

Hatua ya 2: maji yenye unaanza nayo

Hapa sitakaa sana juu jibu ni moja. Osmoza, na nyuma ya osmoza rezini (chembe zenye zinakamata ile yenye imebaki), mpaka kipima TDS, chenye kinapima chumvi na madini mu maji, kionyeshe 0. Si 8, si 5. Tuko mu mukanda ya shaba jamani, na shaba kidogo tu mu maji inaua matumbawe, kamba na konokono, samaki wanaweza kuvumilia lakini hawa hapana. Alafu chumvi, gramu 35 kwa lita, densiti 1.026 joto ikiwa 25. Mu kiangazi maji inakauka mbio, yenye unaongezea juu ya kukauka iwe ya osmoza bila chumvi, juu chumvi haikauke, inabaki mu maji.

Hatua ya 3: kupima, na kusoma namba vile inafaa

Watu wengi wanakosea hapa mbele hata ya kuanza. Kuko vipimo vya nitrati vyenye vinahesabu nitrati nzima, kuko vyenye vinahesabu naitrojeni ya ndani tu. Soma karatasi ya boksi. Kama yako inasema naitrojeni, zidisha mara 4.43. Mwenye kusoma 5 akifikiri iko chini kumbe iko 22.

Fosfati, vile vya kulinganisha rangi na macho havitoshe, kati ya 0.03 na 0.10 jicho halioni tofauti. Mi natumia kale kamashine ka Hanna, HI736, kanapima fosforasi mu sehemu za bilioni. Namba yenye kanatoa unazidisha mara 3.066 alafu unagawa kwa 1,000. Kakisema 20, ni 61, maana yake 0.061 miligramu kwa lita ya fosfati. Kenyewe kanaweza kukosea 5 juu ao chini, njo usiogope kama leo ni 20 na kesho ni 23. Kichupa kisafishe, pangusa alama za vidole, usipime ungali umeshika kichupa na mikono yenye chakula ya samaki (nilikutaka hivyo kwa mtu, fosfati yake ilikuwa inapanda kila magaribi).

Pima siku moja ile ile kila juma, saa ile ile. Mi ni siku ya posho asubuhi mbele ya kulisha. Namba moja haiseme kitu, namba ine za mufululizo njo zinasema maji inaenda wapi.

Hatua ya 4: namba gani tunatafuta

Kwa akwariumu yenye imechanganya, matumbawe ya matawi na ya nyama: nitrati kati ya 2 na 10, fosfati kati ya 0.03 na 0.10, zote miligramu kwa lita. Ya laini na ya midomo mikubwa peke yake, hata nitrati 20 inakaa muzuri.

Mtu ataniambia, lakini yaya, mu bahari yenyewe nitrati na fosfati iko chini sana kupita hapo. Ni kweli. Lakini mu bahari maji inapita mchana na usiku na imejaa vidudu vidogo vya kula, tumbawe linakula bila kuacha. Mu salo yetu hakuna ile. Ndani ya ngozi ya tumbawe kuko mwani mudogo sana wenye unatengeneza sukari na mwangaza, na ile sukari njo sehemu kubwa ya chakula ya tumbawe. Ule mwani unaomba naitrojeni na fosforasi sawa mahindi yanaomba mbolea. Ukiondoa yote umeondoa chakula ya mwenye kupika.

Hatua ya 5: nitrati iko juu

Anza na kulisha na skima, juu hesabu ya maji ya kubadilisha ni ngumu kuliko watu wanafikiri. Nitrati 40, ukibadilisha sehemu 10 kwa mia, inabaki 36. Basi. Ukibadilisha 20 kwa mia, kufika karibu na 10 unahitaji mara sita, na ile ni kama mu zile siku hakuna kitu kingine kimeingia. Kwa lita 300, kila mara ni lita 60, kilo mbili na zaidi ya chumvi. Hesabu bei ya chumvi ya kupita Kasumbalesa alafu ujue kama ni njia yako.

Skima inafanya kazi kwa kutoa uchafu mbele haijaoza, ile povu ya rangi ya chai. Safisha shingo yake kila siku mbili tatu, mafuta yakishika pale povu haipande. Mchanga unyonye na mpira kila mara unabadilisha maji, kipande kimoja leo, kipande kingine juma inayokuja, usipindue yote siku moja.

Kiisha refujiumu, ni fashi ya kukuzia mwani wa kula uchafu. Mi mu sampu niliweka mwani wa nyuzi, ule unaitwa Chaetomorpha, na taa ya LED ya kawaida juu yake, inawaka usiku wakati akwariumu imezimika. Unakula nitrati na fosfati yote mbili, na juu unafanya kazi usiku unasaidia pH (kipimo cha asidi ya maji) isianguke na hewa isipunguke. Kila juma mbili natoa kama kiasi cha mpira wa miguu nusu. Ile yenye natoa njo uchafu yenye imetoka. Kama hautoe, haujatoa kitu. Hii kwangu ilifanya kazi kupita dawa zote zenye nilinunua.

Kuko na njia ya vinegre ao vodka, unalisha bakteria, bakteria zinaongezeka zinakamata nitrati na fosfati, skima inazitoa. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Unaanza na vinegre ya asilimia 5, mililita moja kwa lita 100 kwa siku, unapandisha kidogo kila juma ukipima, vodka iko na nguvu kama mara nane kwa hiyo kipimo chake ni kidogo sana. Lakini sikilizeni. Zile bakteria zinapumua. Zinakula hewa ya mu maji. Umeme ukikatika saa nane za usiku, pompa imesimama, skima imesimama, na maji imejaa bakteria zenye zimekula vinegre, samaki wanakufa mbele ya jua kutoka. Na hapa tuko mu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yenye maji inaweza kubeba imepunguka karibu sehemu moja ya nane tukilinganisha na Mombasa. Mwenye hana batri na inverta ya kushika pompa usiku muzima, asiguse vinegre. Mi mwenyewe nina batri na bado siitumie.

Hatua ya 6: fosfati iko juu

Hapa kuweni wapole. Ile dawa ya chembe za chuma, ya rangi ya kutu, inakamata fosfati kwa nguvu sana. Mtu iko na 0.40, anatia kipimo kizima cha boksi, kisha siku mbili anapima 0.05 anafurahi, juma inayofuata anapima tena 0.25 anasema dawa ni ya bandia. Dawa haiko ya bandia. Ni ile fosfati ya mu mawe yenye nilisema. Maji ikisafishwa, mawe yanaanza kuachilia, polepole, mpaka yalingane tena na maji. Mawe ya miaka mitano ya kulisha sana yanaweza kuachilia kwa miezi mingi.

Vile mi nafanya: robo ya kipimo chenye boksi inasema, nasuuza mpaka maji ya kutu iishe, natia mu kafuko ka wavu fashi maji inapita muzuri, napima kila siku mbili. Namba ikishuka zaidi ya robo yake mu juma moja, natoa kidogo. Dawa ikichoka nabadilisha na robo ingine, si na kipimo kizima. Kutoka 0.40 kufika 0.08 ilinichukua miezi tatu na nusu, hakuna tumbawe hata moja lilifunga. Rafiki yangu wa Kamalondo alifanya kwa siku nne, matawi yakaanza kuvua ngozi kutoka chini.

Angalia tena ugumu wa kaboneti. Chakula ikiwa kidogo mu maji, kaboneti ikiwa juu, ncha za matawi zinaungua, zinakuwa nyeupe. Mi nashika kati ya 7.5 na 8.5 dKH (digrii za ule ugumu), haipande na haishuke.

Hatua ya 7: namba iko sifuri

Sasa turudi ku 2021. Nilikuwa na chembe za chuma kipimo kizima, refujiumu kubwa, samaki ine tu wadogo mu lita 300, na nilikuwa nalisha mara moja kwa siku mbili juu nilisoma kwamba chakula ni adui. Kwanza rangi ikapauka, ya zambarau ikakuwa sawa maziwa. Nikafikiri ni taa. Nikashusha taa. Alafu juu ya mchanga ikatokea kitu ya kahawia, sawa makamasi, nyuzi nyuzi, na vipovu vya hewa ku ncha, mchana inajaa, usiku inapunguka, asubuhi inarudi. Nikafikiri ni uchafu, nikazidi kusafisha, nikabadilisha maji mara mbili kwa juma, nikaongeza dawa ya fosfati. Kila kitu nilifanya nilikuwa nakilisha. Ile ni dinoflajelati. Inaishi muzuri fashi nitrati na fosfati imekwisha, juu wenye kushindana nayo, mwani wa kawaida na bakteria, wamekufa njaa. Konokono zenye zilikula ile makamasi zikaanguka miguu juu. Mwisho wa mwezi wa tisa matawi kumi na moja yalikuwa mifupa.

Yenye iliniokoa: nilitoa dawa yote ya fosfati. Nilipunguza saa za taa ya refujiumu nusu. Niliacha kubadilisha maji majuma sita, nikalisha mara mbili kwa siku. Na nikatia nitrati kwa mikono, nitrati ya sodiamu safi ya laboratori. Hesabu ni hii, gramu 0.137 kwa lita 100 inapandisha miligramu moja kwa lita. Nilipandisha 1 kwa siku mpaka 8, nikapima kila siku juu siku za kwanza inapotea mara moja. Fosfati ikapanda na chakula mpaka 0.09. Ile makamasi ilipunguka mu juma ya tano, kwanza mwani wa kijani ukatokea ku mawe, na mi nikashukuru Mungu kuona mwani wa kijani, juu ilikuwa alama kwamba maji imerudi kuishi.

Tafazali musitumie mbolea ya shamba. Urea hapana, NPK hapana, iko na amonia na vyuma vingine ndani.

Hatua ya 8: umeme

Hii mu vitabu vya watu wa Ulaya haiko lakini kwetu njo nusu ya somo. Umeme ukikatika, usilishe. Hata samaki wakija ku kioo, usilishe. Weka kapompa ka hewa ka batri, kale ka wavuvi. Umeme ukirudi, skima itamwaga, kwa hiyo toa kikombe chake ao kifungulie mpaka itulie. Kama ilizimika zaidi ya saa kumi, kesho yake pima amonia. Na kama unajua mu quartier yenu umeme unakatika kila juma, kaa na samaki wachache. Mi nina saba, sitaongeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Kampemba: Yaya, aksanti sana kwa somo. Sisi tuko na forage (kisima cha kuchimba na mashine) mu parseli, maji ni safi kabisa tunakunywa, watu wa jirani wanakuja kuchota. Siwezi kutia chumvi moja kwa moja? Osmoza inamwaga maji mingi sana bure.

Jibu: Ndugu, maji ya kunywa na maji ya matumbawe ni vitu viwili. Chini ya Lubumbashi kuko mawe ya dolomiti, forage inatoka na kalsiamu na magnesiamu mingi, na mu maparseli yetu fosi ya choo haiko mbali na forage, nitrati inaingia pale bila kuonekana na bila harufu. Pima TDS yake leo utaona. Osmoza ndiyo inamwaga kama lita tatu ine kwa lita moja, lakini ile haiko uchafu, ni maji ile ile imekolea kidogo, kwetu inaosha nguo na kunywesha lengalenga. Weka pipa.

Swali, Goma: Salamu kaka. Mimi niko Goma, bado sijaanza, nina mpango tu. Watu wananiambia maji ya Kivu tayari ni magumu, eti nikiongeza chumvi ya bahari nitapata bahari bila osmoza. Na swali la pili, naweza kulisha sambaza? Hapa ziko freshi kila asubuhi.

Jibu: Karibu sana. La kwanza, hapana. Ziwa Kivu lina bikaboneti na magnesiamu kupita kiasi, ukiongeza chumvi juu yake hautapata maji ya bahari, utapata kitu chenye kaboneti iko juu sana na hautaweza kuirekebisha. Osmoza tu kama sisi. Sambaza ndiyo, kwa kiasi. Ni yule yule samaki tunaita kapenta huku, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mu 1959. Chukua freshi, toa matumbo, suuza, gandisha, kata vipande vidogo kuliko jicho la samaki wako. Mara moja ao mbili kwa juma, siku zingine chakula cha bahari juu samaki wa bahari anahitaji mafuta ya bahari. Siku ya sambaza povu ya skima itaanguka masaa kadhaa juu ya mafuta, usishtuke. Ile ya kukaushwa usitie, iko na chumvi, mchanga na fosfati.

Swali, Golf: Papa, mi nina vumbi jekundu sawa kitambaa ya velur juu ya mchanga. Nitrati 0, fosfati 0.15. Muuzaji aliniambia nitie antibiotike, erithromisini, siku tatu inaisha. Nitie?

Jibu: Mama usitie. Ile nyekundu ni bakteria ya mwangaza, sianobakteria, na antibiotike haichague, inaweza kuua na zile zenye zinageuza amonia, unaweza kuamka na amonia. Angalia namba zako: fosfati iko, nitrati haiko. Wengine wamekosa naitrojeni wamesimama, hiyo nyekundu imejipatia nafasi. Nyonya na mpira kila siku mbili, geuza pompa ipige pale fashi imetulia, juu inapenda maji yenye haitembei, na pandisha nitrati mpaka 5 polepole vile niliandika ku hatua ya 7. Mpe majuma tatu. Ikirudi fashi ile ile tu, kuko chakula inaoza chini ya jiwe, inua uangalie.

Swali, Ruashi: Yaya mimi nilisoma kwamba lazima nitrati na fosfati ziwe 16 kwa 1 ya Redfield. Yangu ni 100 kwa 1. Nimekwisha?

Jibu: Haujaisha. Alfred Redfield mu 1934 alionyesha kwamba naitrojeni na fosforasi mu bahari na mu viumbe vidogo vyake zinafuatana, ile 16 kwa 1 ni ya kuhesabu atomi. Ukigeuza mu miligramu za nitrati na fosfati yenye sisi tunapima, inakuwa kama 10 kwa 1. Na ilikuwa kueleza bahari, haikuwa amri ya akwariumu. Mi nina 8 na 0.07, ni karibu 114 kwa 1, na matawi yanakua. Angalia kwamba hakuna hata moja imefika sifuri, hesabu ya kugawanya uiache.

Swali, Bukavu: Mimi sikubaliane kidogo yaya. Nitrati yangu ni 30 miaka mbili sasa, fosfati 0.2, na kila kitu kiko wazi, kinafunguka muzuri, sijaona shida. Kwa nini niishushe?

Jibu: Uko na matumbawe gani?

Bukavu tena: Ya ngozi, ya uyoga, Euphyllia mbili, na zoa nyingi. Hakuna matawi.

Jibu: Basi usishushe kitu. Kwa hizo 30 yenye imesimama miaka mbili ni bora kuliko 5 yenye utafikia kwa dawa mu juma moja. Siku ukitaka kuingiza ya matawi njo tutaongea, na hapo anza kushusha miezi mine mbele haujanunua. Batri yako inashika pompa masaa ngapi?

Bukavu tena: Masaa sita.

Jibu: Hapo njo ningeweka pesa mbele.

Swali, Katuba: Yaya mi ni mwanafunzi, sina pesa ya Hanna. Nina kipimo cha rangi tu cha nitrati. Nitajuaje fosfati?

Jibu: Angalia kioo. Ukikisafisha leo na kesho yake kimekuwa tayari na vumbi ya kijani, fosfati iko juu. Kikikaa siku tatu ine ndipo unaona vumbi, uko sawa. Kikikaa siku kumi safi kabisa na matumbawe yamepauka, lisha zaidi. Haiko kipimo cha kweli lakini itakushikilia. Na tuko watu watano wenye mashine hapa mjini, leta kichupa cha maji kwangu siku ya posho asubuhi, kipya, usuuze mara tatu na maji ya akwariumu mbele ya kujaza, na ukilete siku ile ile, ikilala namba inabadilika.

Swali, Katuba: Aksanti yaya. Na papiye za matumbawe? Kuko mtu anauza vipande, anasema hazihitaji.

Jibu: Matumbawe magumu yote iko mu CITES (mapatano ya dunia ya biashara ya wanyama na mimea yenye iko mu hatari), orodha ya pili. Kipande chenye kimetoka inje kinahitaji karatasi ya kutoka kule. Kama muuzaji hana, mwachie. Ukingoja mpaka mwezi wa kumi mi nitakata matawi yangu, nitakupa moja ya Montipora, imezaliwa hapa hapa mu salo.